Pima Sitini za Mbaraka

Mbaraka alijua utepe wa kupimia ungekuja siku moja. Hakujua tu kwamba ungekuja Jumanne asubuhi, kabla injini ya mashua haijawashwa, tena mkononi mwa Elda, mtafiti wa kituo.

"Muzee, samahani," Elda alisema. "Simama hapa kwenye mbao, unyoshe mikono. Shefu wa Bujumbura anataka pima yako iandikwe upya mbele ripoti itoke."

Ulikuwa utepe wa chuma wa waashi, wa mita tano, na Elda alikuwa ameshauvuta nje ya kikopo chake. Modeste, nahodha, akaacha kumimina mafuta ili aone. Mbaraka akavua koti la mpira, akalikunja, akatafuta pa kuliweka, akalikunja tena.

Kisha akanyosha mikono. Wa kulia ulitoka wenyewe, bila kuombwa. Wa kushoto ulifika pale ulipokuwa ukifika kila siku tangu mwanzo wa mwaka, ukasimama, kiwiko kimejikunja kiasi ambacho mtu asiyejua hakioni. Mbaraka akasaga meno, akausukuma. Ndani ya bega kitu kikakwaruza kama kokoto chini ya mlango. Mkono ukanyooka wote hadi ncha ya kidole cha kati. Machozi yakamjaa, naye akageuza uso kuelekea ziwani kama mtu aliyeona kitu kule.

"Mita moja, themanini na tatu," Elda akasoma. "Iko sawa. Miaka mitatu, umepoteza sentimita moja tu."

"Ni uzee," Modeste akasema. "Mimi bibi yangu anasema nimepungua kushinda hapo, na hajatumia utepe."

Elda akacheka, akaandika kwenye daftari lake. Mbaraka akashusha mikono. Alikuwa ameshinda. Mashua ikatoka, milima ya michikichi ikaanza kurudi nyuma.

Pale mwaloni Rumonge, ufukweni mitumbwi inapofikia, watu humfahamu kwa mikono. Baba yake, Hakimu, alikuwa mpima kamba. Enzi hizo duka la kamba halikuwa na rula. Lilikuwa na Hakimu. Wavuvi walikuja kutoka Magara, wengine kutoka Kabonga kule karibu na mpaka, wakasema wanataka pima arobaini, naye akasimama mlangoni akanyosha na kukusanya, akanyosha na kukusanya, kamba ikimgusa kifuani kila mara kama mtu anayeapa. Mnunuzi akirudi kulalamika kwamba kamba ni fupi, hakugombezwa. Baba mtu alinyosha mikono tu, akamwambia: haya, nipime mimi.

Mbaraka aliirithi pima ile kama wengine wanavyorithi shamba. Alivua samaki, ndagala na mukeke, miaka ishirini na mitano. Kituo cha utafiti kilipotafuta mtu anayejua kamba, wakamtaja yeye, na tangu hapo amekuwa kwenye *Intumwa*, mashua ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, yenye kibanda kidogo, rafu ya chupa, na roda ya kushushia vifaa. Kazi yake ni moja. Anashusha chini bomba la plastiki lililo wazi pande zote mbili, linazama likiwa limeachama kama mdomo. Likifika kina kinachotakiwa, kipande cha chuma kinaachiliwa kiteremke na kamba. Kinaligonga, nalo linajifunga na maji ya kule kule chini. Likipanda, Elda anayamimina maji hayo kwenye chupa ya kioo na kutia dawa mbili kwa matone. Maji yenye hewa hugeuka kahawia. Maji yasiyo na hewa hubaki meupe.

Hiyo ndiyo siri yote, na Elda alimfafanulia kwa mawese, mwezi wa kwanza tu, wakati yeye mwenyewe, binti wa milima ya Bururi, alikuwa bado anatapika kila wimbi. "Mawese ya moto ukiyamimina juu ya maji baridi, yanafanya nini, Muzee? Yanakaa juu. Basi ziwa letu ni vile. Maji ya juu yanazidi kupata moto kila mwaka, yanakaa juu kama mawese. Upepo unakuja, unasukuma, lakini hauwezi tena kuyachanganya na ya chini. Ya chini hayapati hewa, yanakufa. Na hayo yaliyokufa yanapanda."

"Na samaki?"

"Samaki anaishi nyumba yenye sakafu inayopanda. Dari iko palepale."

Neno hilo lilimkaa Mbaraka kifuani. Aliwahi kuliota.

Mashua ilikuwa na gurudumu la kuhesabu mita kwenye roda. Likaliwa na kutu, jipya likaagizwa, halikufika. Elda akataka kufunga vipande vya plastiki nyekundu kwenye kamba, kila mita kumi. Ni Mbaraka aliyekataa. Kamba iendayo chini haifungwi alama. Hivyo ndivyo ilivyo pwani nzima ya ziwa. Wanaume watakwambia fundo hula uzi, na nailoni hukatika palepale ilipofungwa. Wanawake watakwambia ukifunga kamba umefunga na maji. Mbaraka aliziamini sababu zote mbili, kwa zamu. "Iko mikono yangu," alimwambia Elda. "Pima mara moja, halafu ufanye hesabu." Elda akampima: mita moja na sentimita themanini na nne. Pima sitini zikawa mita mia moja na kumi, na zikaandikwa hivyo kwenye daftari, mwezi baada ya mwezi.

Miaka miwili ya kwanza habari ilikuwa mbaya lakini ilikuwa ya kweli. Mpaka wa maji yaliyokufa ulipanda kutoka mita mia moja na kumi na nane hadi mia moja na tisa. Ndipo, mwezi wa Rajabu, pikipiki aliyopanda akitoka Minago ikateleza kwenye mawese yaliyomwagika barabarani, naye akaangukia bega la kushoto. Mwunga mifupa akaliunga. Sikujua, mkewe, akalikanda kwa maji ya moto siku arobaini. Ramadhani ilipoingia, katika takbira, mkono wa kulia ulifika sikioni na wa kushoto ukaishia usawa wa titi. Mbaraka akahama safu ya mbele akasali pembeni, karibu na nguzo.

"Mwambie yule binti," Sikujua alisema.

"Nimwambie nini? Pima imepungua kidole kimoja tu. Kitarudi."

"Baba Nadia, kidole kimoja mara sitini ni vidole vingapi?"

Mbaraka akaanza tu kugeukia upande wa maji kila anaposhusha kamba, ili Elda aone mgongo.

Na mpaka wa maji yaliyokufa ukaanza kushuka. Elda hakuamini, akarudia, akarudia tena. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita: pale pima sitini, palipokuwa peupe mwaka uliopita, sasa palikuwa kahawia. Akamkumbatia Mbaraka mbele ya watu, jambo ambalo halifanyiki. "Ziwa linapumua, Muzee!" Na Mbaraka, Mungu amsamehe, alitaka sana iwe kweli kiasi kwamba wiki ile aliamini. Alikwenda mwaloni mwenyewe kuwaambia kamati ya wavuvi. Alisema, maji mazuri yameshuka, shusheni nyavu. Wakamwamini, maana baba yake alikuwa Hakimu.

Kuamini kulimwisha polepole, kama mtu anavyozinduka. Sasa ilikuwa imebaki siku tatu. Ijumaa Elda angesimama Bujumbura mbele ya watu wa nchi nne zinazolizunguka ziwa, na mchoro wake ukutani.

Modeste akazima injini. "Tumefika. Na mutazame kule." Alionyesha kwa kidevu upande wa Kongo, ambako milima ilikuwa imepotea nyuma ya wingu lenye rangi ya chuma. "Ile mvua haiji kutusalimia."

"Mara moja tu," Elda akasema. "Kipimo cha mwisho. Sitini, Muzee."

Mbaraka akashika kamba. Akageukia maji. "Bismillahi."

Moja. Mbili. Tatu. Bomba likazama, likawa kijani, likapotea. Kufika kumi alijua. Ule mkono alioulazimisha asubuhi kwa ajili ya utepe ulikuwa unamlipa sasa. Haukufika hata pale ulipofika wiki iliyopita. Kila pima ilikuwa fupi kuliko iliyoitangulia. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Mwaka mzima alijifariji kwamba uongo wake ni mmoja, una kipimo, kwamba siku moja angeweza kuuondoa kama mtu anavyoondoa mwiba. Kumbe hata yeye hajui ukubwa wake. Leo ni huu, jana ulikuwa mwingine. Arobaini. Jasho likamwingia machoni. Nyuma yake Elda alikuwa anapanga chupa, anaimba kwa sauti ndogo wimbo wa kwaya, kwa Kirundi. Hamsini na nne.

Angeweza kuongeza. Pima kumi za zaidi, kimyakimya, bila kuzihesabu kwa sauti, maji meupe yapande, na Elda afikiri ni mwezi mbaya. Aliwaza hivyo kweli. Lakini ungekuwa uongo wa kuficha uongo, naye alikuwa amechoka.

"Sitini," akasema.

Akaachilia kipande cha chuma. Kikateremka. Mtetemo wa kugonga ukapanda na kamba hadi vidoleni mwake. Kisha, badala ya kuvuta, alitoa kitambaa cha jasho shingoni, akakifunga kwenye kamba pale ilipogusa maji. Akakaza fundo kwa meno.

Modeste akaacha usukani. "Ee! Muzee! Unafunga kamba?"

"Vuta," Mbaraka akasema. "Vuta wewe. Mimi bega linaniuma."

Modeste akavuta, akimtazama. Bomba likapanda. Elda akamimina, akatia matone yake, akageuza chupa mara tatu, nayo ikatulia: kahawia, kama chai ya maziwa iliyopoa.

"Iko hewa!" Elda akapiga makofi. "Mia na kumi, na iko hewa! Muzee, Ijumaa nakwambia watasimama—"

"Mwanangu, hiyo si mia na kumi."

Upepo wa kwanza ulipita juu ya maji ukiyakunja ngozi.

"Lete utepe," Mbaraka akasema. "Tupime kutoka bomba mpaka kitambaa."

Elda hakuuliza kwa nini. Baadaye Mbaraka aliona hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakuuliza. Elda alipiga magoti kwenye mbao, akafungua mita tano, akabana mwanzo wa utepe kwa kisigino. Modeste akanyosha kamba juu yake. Tano. Wakaisogeza. Kumi. Kamba ilikuwa inatiririka maji na mbao zilikuwa zinateleza. Kumi na tano. Mbaraka alisimama, mkono wa kulia umeshika wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Kwa pima halali utepe ulipaswa kusogezwa mara ishirini na mbili.

Sitini. Sitini na tano. Elda alikuwa anahesabu kwa Kifaransa sasa, chini ya pumzi. Themanini. Kitambaa kilikuwa tayari kimeonekana, kimelala kwenye mkunjo wa kamba karibu na mguu wa Modeste, na wote watatu walikiona. Themanini na tano. Tisini. Akavuta mara ya mwisho. Utepe haukujaa.

"Tisini na nne," Elda akasema.

Akabaki amepiga magoti. Akarudia kusoma. Mita kumi na sita zilikuwa hazipo.

"Asubuhi nimekupima. Mimi mwenyewe nimekupima."

"Asubuhi nilikudanganya. Naweza kuunyosha mara moja, kwa kuumia. Mara sitini siwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile pikipiki."

Elda akasimama. Uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu. Mbaraka alimwona akifika mwisho wa hesabu hiyo. Kama tisini na nne ina hewa, mia na kumi ina nini?

"Modeste," akasema, "turudishe bomba chini."

"Madamu, hapana! Tazama kule!"

Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye maji, na chini yake mstari mweupe ulikuwa unakuja.

"Dakika ishirini."

"Mvua ya Kongo haijui saa yako!"

"Nitasimama mbele ya watu Ijumaa," Elda akasema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza, "na mkononi sina hata namba moja. Hata moja! Unanielewa? Washa injini, weka pua kwenye upepo, kamba ikae wima. Ninyi wawili mutanipa namba moja ya kweli, halafu tutakufa tukitaka."

Modeste akawasha, huku akimwita Mungu kwa lugha tatu.

Wakaipima kamba upya kwenye mbao, kwa tano tano, na Elda akafunga plastiki nyekundu kwenye tisini na tano, kwenye mia moja, kwenye mia moja na kumi. Alifunga bila kumtazama Mbaraka, naye Mbaraka akamwekea kidole juu ya kila fundo ili alikaze. Kisha bomba likashuka. Mbaraka alishika kamba kwa mkono wa kulia, akaipitisha chini ya kwapa la kushoto, akaiegemea kwa uzito wa mwili. Hakuhesabu. Ilikuwa ajabu kwake, kamba kupita kifuani bila namba.

Plastiki ya mwisho ikagusa maji. Chuma kikateremka. Mawimbi yalikuwa yameanza kupiga ubavu, na kamba ikaanza kuinama. "Shika pua, Modeste! Shika!" Bomba lilipotokeza juu, harufu ilifika kabla ya maji: yai bovu, ile harufu ambayo wavuvi wa zamani walisema ni pumzi ya kilicho chini. Elda akamimina, nusu ikamwagika. Akatia matone. Akageuza.

Nyeupe. Nyeupe kama maji ya muhogo.

"Sasa mia moja," Elda akasema.

Wakashusha tena. Mvua ikawafikia katikati, ya matone mazito, baridi, na milima ya Rumonge ikafutika nyuma yao. Modeste alikuwa anapiga kelele kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Mbaraka alihisi kamba ikimkata kwapa. Bomba likapanda. Nyeupe.

"Tisini na tano!"

"Elda, inatosha!" Modeste akalia. Hakumwita tena Madamu.

"Tisini na tano, halafu twende!"

Mara hii wimbi liliinua mashua na kamba ikamponyoka Mbaraka kiganjani. Akaikamata kwa mkono wa kushoto, mkono huo huo, akasikia bega likipiga kelele ndani ya fuvu lake, na hakuachia. Elda akaruka akashika nyuma yake. Wakavuta pamoja. Chupa hii Elda aliikinga kifuani chini ya koti, akaitia dawa akiwa ameinamia kama anayewasha kiberiti. Walisubiri. Kitu kilianza kutua chini, rangi ya udongo mwepesi, kidogo sana, nusu kahawia na nusu si kitu.

"Ni hapa," Elda akasema. "Sakafu iko hapa."

Modeste akageuza mashua kwa nguvu zote za injini.

Elda na Mbaraka walikaa ndani ya kibanda, magoti yakigusana, mvua ikigonga bati. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki na Elda aliliandika humo humo ndani, mikono yote miwili imezama kwenye mfuko. Mwaka jana mia moja na tisa. Sasa tisini na tano. Ziwa halikuwa limepumua. Mpaka wa maji yaliyokufa ulikuwa umepanda, tena kwa kasi kuliko kabla, na yeye kwa miezi kumi na moja alikuwa ameandika kwamba umeshuka.

"Niambie mwezi kwa mwezi," akasema. "Mwezi wa pili mkono ulikuwa wapi? Wa tatu?"

"Ramadhani ulifika hapa." Mbaraka akaonyesha kwenye titi. "Mfungo mosi ulipanda kidogo. Halafu ukashuka. Siku za baridi ulishuka zaidi. Leo, baada ya ule utepe wako, umeshuka kuliko siku zote."

"Kwa sentimita ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui."

"Kwa hiyo siwezi kuzisahihisha." Akapiga mstari juu ya ukurasa, kutoka kona hadi kona. Akafunua, akapiga mwingine. "Ungeniambia mwezi wa pili, ningepoteza mwezi mmoja." Mstari. "Ungeniambia wa tano, ningepoteza minne." Mstari. Kalamu ilitoboa karatasi. Ndipo hasira ikafika. "Kwa nini, Muzee? Mimi ningekufukuza? Mimi?"

Mbaraka alitaka kusema habari za baba yake mlangoni pa duka, lakini alipoyaweka maneno mdomoni aliyaona madogo. "Niliogopa mikono yangu isiwe kitu," akasema.

Elda akafunga daftari. "Kamba sitakupa tena."

"Sikuombi."

"Ijumaa nitawaonyesha mchoro wenye shimo. Miezi kumi na moja, hakuna kitu. Watauliza, nitawaambia. Na jina lako nitalisema, kwa sababu ni mimi nilikubali kupima ziwa kwa mikono ya mutu mumoja, na lazima wajue ilikuwa mikono ya nani na ilitokea nini."

"Liseme."

Injini ikabadilisha sauti. Walikuwa wanaukaribia mwalo. Mvua ilikuwa inapungua, na chini ya paa la bati walipouzia samaki, wanaume wa kamati walikuwa wamekusanyika kama kila Jumanne, wakisubiri namba. Elda akajifuta uso kwa kiganja. "Nitawaeleza mimi. Ni kazi yangu."

"Wewe uliwapa karatasi," Mbaraka akasema. "Mimi niliwapa mdomo wangu. Walikwenda na mdomo."

Akashuka wa kwanza, maji yakimfika magotini, mkono wa kushoto umening'inia.

"Amahoro, Muzee!" Waziri, kijana mwenye nyavu mbili, alimwita kabla hajafika. "Tumesema leo mumekwenda kulala na mamba! Haya, sema. Ile sakafu imeshuka mpaka wapi?"

"Haikushuka," Mbaraka akasema. "Imepanda. Iko tisini na tano. Ilipanda mwaka mzima, na mimi niliwaambia kinyume. Bega langu lilivunjika, pima yangu ikawa fupi, na nikaficha. Madamu hapa hakujua. Nilijua mimi."



"Basi si ziwa lililoshuka," Waziri akasema, "ni mkono wa mzee uliofupika!" Mmoja wawili wakacheka. Kicheko hakikufika mbali. Kila mmoja alikuwa na kamba aliyoiongeza urefu mwezi wa sita, na wavu ulioshuka hadi mahali pasipo na samaki usiku baada ya usiku, na sababu alizojitungia: mwezi, bahati mbaya, jicho la jirani, mke.

Hamdan, mwenyekiti wao, ambaye katika safu ya msikitini alisimama bega kwa bega na Mbaraka miaka kumi na tano, alikuwa amekaa juu ya lundo la wavu.

"Ndiyo maana ulihamia kwenye nguzo," akasema.

"Ndiyo."

"Nilifikiri nimekukosea. Nimekaa mwaka mzima nikijiuliza nimekukosea nini."

Mbaraka hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja.

Hamdan akainama, akaitafuta kwenye lundo ile kamba aliyoiongeza, akaanza kuling'oa fundo la kiungo kwa kucha. Lilikuwa limelowa na kukaza. "Tushushe mpaka wapi?" akauliza, bila kuinua uso.

"Msizidi mita tisini."

"Tisini za mkono wa nani?"

"Za utepe wa Madamu Elda."

"Basi aje yeye."

Elda akapita mbele, akachuchumaa kando ya Hamdan, na wanaume wengine wakaanza kuburuta kamba zao kutoka mitumbwini na kuzipanga kwenye mchanga, foleni ndefu, wakigombea nani awe wa kwanza. Mbaraka akasogea kuwapisha. Hakuna aliyemwambia akae, hakuna aliyemwambia aende. Akasimama kando, akaona jinsi Waziri alivyoshika kamba yake vibaya, imepindana, ikipimwa hivyo itatoa namba ya uongo. Akangoja kuona kama kuna mwingine atakayeliona, na hakuwepo.

"Inyoshe," akasema. "Waziri. Inyoshe kwanza."

Waziri akageuka, tayari kumjibu. Kisha akaitazama kamba, na akainyosha.